Plagi za Joto: Kwa Nini Dereva wa Dizeli Husubiri Kabla ya Kuwasha Gari

Kama umewahi kupanda gari la dizeli alfajiri, bila shaka umeona jambo hili. Dereva anaingiza ufunguo. Anauzungusha kidogo, kisha anaacha. Injini bado iko kimya. Mbele ya usukani inawaka taa ndogo ya rangi ya machungwa, imechorwa kama waya uliojikunja. Dereva anaitazama taa ile. Inazimika. Ndipo anazungusha ufunguo hadi mwisho, na gari linaunguruma.

Abiria wengine hudhani dereva anasali. Wengine hudhani anaringa tu. Lakini dereva yule anasubiri joto. Ndani ya injini kuna vijiti vidogo vya chuma, na wakati ule umeme wa betri unavipasha mpaka viwe vyekundu. Vijiti hivyo ndivyo vinavyoitwa plagi za joto. Katika gereji utasikia pia zikiitwa hita plagi.

Huenda utasema: mimi sina gari, habari hii yanihusu nini? Inakuhusu. Katika bonde la Kilombero magari mengi ya kazi ni ya dizeli. Linalobeba mpunga ni la dizeli. Linalobeba wagonjwa mara nyingi ni la dizeli. Kutoka Mlimba hadi hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ni zaidi ya kilomita 100. Mama mwenye uchungu wa kuzaa akipakiwa saa kumi alfajiri na gari likakataa kuwaka, mara nyingi hakuna gari la pili. Tena kijiji au kikundi chenye gari lake hulipa gharama zote za gari hilo. Stata ikiungua au betri ikifa, fedha inatoka mfukoni mwenu.

DIZELI HAINA CHECHE

Tuanze na pikipiki. Pikipiki hutumia petroli. Juu ya injini yake kuna plagi ya cheche. Petroli na hewa huingia ndani, cheche inaruka, petroli inawaka, pikipiki inakwenda. Kila mara petroli inapowaka, ni cheche iliyoiwasha.

Injini ya dizeli haina cheche hata moja. Sasa mafuta yake yanawashwa na nini?

Jibu lake unalo nyumbani. Ifakara ni mji wa baiskeli, na vijiji vyake vivyo hivyo. Chukua pampu ya baiskeli. Jaza upepo tairi lililolala, pampu mara 30 au 40 kwa haraka. Kisha shika pampu upande wa chini, karibu na mpira unaopeleka upepo. Utakuta pana joto. Ukipampu kwa nguvu zaidi, panaweza kukuchoma. Hukuwasha moto wowote. Joto hilo limetoka wapi? Sehemu ndogo ni ya msuguano. Sehemu kubwa imetoka kwenye hewa yenyewe, kwa sababu hewa ikibanwa kwa haraka hupata joto.

Injini ya dizeli ni ndugu ya pampu hiyo, ila yenyewe ina nguvu nyingi mno. Ndani ya silinda kuna pistoni. Pistoni inapanda na kuibana hewa mpaka hewa iliyojaza debe moja la lita 20 ingeweza kuingia katika chombo cha lita moja. Hewa iliyobanwa hivyo hupita nyuzi 500 za joto. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, basi pima mwenyewe. Wakati huo nozeli inapuliza dizeli ndani, laini kama ukungu wa asubuhi juu ya majaruba. Dizeli inakutana na hewa ile ya moto na kuwaka yenyewe.

Aliyetengeneza injini hii alikuwa Mjerumani, jina lake Rudolf Diesel. Injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897, katika mji wa Augsburg. Kwa hiyo neno dizeli tunalolitaja kila siku pale kwenye pampu ya mafuta ni jina la mtu.

JOTO LINALOIBWA

Sasa, kama hewa iliyobanwa inatosha kuwasha mafuta, plagi za joto ni za nini?

Fikiri tena pampu yako. Ukipampu polepole sana, haipati joto. Na kama mpira wa ndani umechakaa na upepo unavuja, vilevile haipati joto. Injini baridi ina matatizo hayo yote mawili, na la tatu juu yake. Kwanza, oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata huizungusha injini polepole. Pili, hewa huvuja kidogo pembeni mwa pistoni, hasa kwenye injini iliyochoka. Tatu, chuma cha injini ni baridi, nacho huiba joto la hewa kama sufuria baridi inavyopoza uji wa moto.

Magari mengi madogo ya dizeli yaliyotumika sana kwetu yana ugumu mmoja zaidi. Dizeli haipulizwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali katika kichumba kidogo kilicho pembeni. Injini za Land Rover za zamani zilikuwa hivyo. Injini ya 1HZ iliyomo katika Land Cruiser nyingi ni hivyo hivyo, na za Hilux za zamani pia. Kichumba hicho husaidia mafuta na hewa vichanganyike vizuri, na injini hupunguza kelele. Lakini kuta zake ni nyingi na hewa yake ni kidogo, kwa hiyo joto huibwa upesi.

Hapo ndipo plagi ya joto inapokaa. Ncha yake imeingia ndani ya kile kichumba. Ukubwa wa plagi ni kama kalamu fupi. Ndani ya ncha kuna waya mwembamba uliojikunja, umezungukwa na unga mweupe usiopitisha umeme, na nje kuna ganda la chuma. Umeme ukipita katika waya, waya unapata moto na ganda linakuwa jekundu kama chuma kwa mhunzi. Joto lake hufika nyuzi 800, na nyingine hupita hapo. Dizeli ikipulizwa na kupita karibu na ncha hiyo, inawaka hata kama hewa haijafika kwenye joto la kutosha. Injini ikishawaka na kupata moto, kazi ya plagi imekwisha. Chuma chote sasa ni cha moto na hakiibi tena kama mwanzo.

JE, IFAKARA SI NI JOTO?

Swali hili huulizwa sana, nalo ni zuri. Ifakara kuna joto karibu mwaka mzima. Baridi ya Juni na Julai ni ya asubuhi tu, si kama ya kule juu Mahenge, wala si kama ya Iringa. Wengi husema plagi za joto ni za watu wa Ulaya wenye theluji.

Hesabu inakataa. Injini iliyolala nje Ifakara inaamka na joto la nyuzi 20 hivi. Hewa ndani ya silinda inatakiwa ipite nyuzi 500. Kwa kipimo hicho, chuma cha nyuzi 20 ni baridi kabisa. Ni kweli kwamba injini mpya yenye nguvu inaweza kuwaka bila plagi siku ya joto. Ndiyo maana madereva wengi wa bondeni hukaa na plagi zilizokufa bila kujua. Gari linawaka, ingawa kwa shida. Kisha linapelekwa Mahenge, linalala usiku mmoja mlimani, na asubuhi halisikii dawa.

Labda sasa umekumbuka mashine ya kukoboa mpunga. Ile nayo ni ya dizeli. Nyingi hazina plagi za joto, wala betri hazina. Zinawakaje? Mtazame vizuri mwendesha mashine. Anashika kishikio kidogo juu ya injini, kile kinachoacha hewa itoke. Anazungusha hendeli kwa mikono. Kwa kuwa hewa haibanwi, injini inazunguka kirahisi, na lile gurudumu zito la pembeni linazidi kupata mwendo. Mwendo ukitosha anaachia kishikio. Hewa inabanwa ghafla kwa nguvu zote za gurudumu, na moto unashika. Gari dogo halina gurudumu zito kiasi kile, wala huwezi kulizungusha hivyo.

Na malori makubwa? Mengi yana silinda kubwa, na dizeli hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Sufuria kubwa ya ugali hukaa na joto kuliko kikombe cha chai. Hivyo malori hayo hayategemei sana plagi za joto. Injini kubwa za treni, kama zinazopita Ifakara katika reli ya TAZARA, kwa kawaida hazina plagi hizo.

ZA ZAMANI NA ZA SASA

Wazee waliopanda Land Rover za dizeli miaka ya 1960 na 1970 wanakumbuka kusubiri kwenyewe. Dereva alishika ufunguo akahesabu nusu dakika au zaidi. Wajerumani nao walikuwa na mzaha wao: muda huo waliuita dakika ya kumkumbuka Rudolf Diesel.

Plagi za Land Rover zile zilikuwa na tabia moja ya kuudhi. Umeme ulipita plagi ya kwanza, ukaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya nne. Ni kama mfereji mmoja unaopita ndani ya majaruba manne kwa zamu. Ukiziba katika jaruba la kwanza, wote wanne hawapati maji. Plagi moja ikikatika, zote nne zilikufa. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa, magari ya kwenda Ulanga yalivuka kwa kivuko. Dereva aliyekuta kivuko kimelala, naye alilala ukingoni. Asubuhi, kwenye ukungu wa mto, ndipo alipojua kama plagi zake ni nzima.

Magari ya baadaye yana mpango mwingine. Kila plagi ina mlango wake kutoka mfereji mkubwa. Moja ikifa, nyingine zinaendelea. Huo ni mpango bora, ila una hila yake. Plagi ya kwanza ikifa, gari linawaka na zile tatu zilizobaki. Linatetemeka kidogo tu, na dereva hajali. Ya pili inakufa. Bado linawaka, ila stata inapigwa mara mbili. Siku ya tatu kufa, ndipo watu wanashtuka na kusema gari limeharibika jana usiku, kumbe lilikuwa likiugua mwaka mzima.

Na ile taa ya machungwa je? Hapa wengi hudanganyika. Katika magari mengi ya zamani, taa ile ni saa tu. Inahesabu muda, halafu inazimika. Haipimi kama plagi zimepata moto. Plagi zote zinaweza kuwa zimekufa, na taa ikawaka na kuzimika kwa adabu kama kawaida. Kwa hiyo dereva akikuambia, “Taa inawaka, plagi ni nzima,” mwulize amezipima lini.

BETRI INAVYOUAWA

Gari likikataa kuwaka, kosa linalofanyika zaidi ni kupiga stata mfululizo. Watu wanapiga kelele, “Endelea, linataka kushika!” Dereva anaendelea.

Stata hula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote katika gari, ampea 100 na zaidi. Plagi nne za joto nazo zinakula mara kadhaa kuliko taa zote mbili kubwa za mbele. Kila stata inapopigwa, betri inapungua. Betri ikipungua, stata inazunguka polepole. Ikizunguka polepole, hewa haipati joto. Na plagi, kwa umeme ule mdogo, haziwi nyekundu. Basi kila jaribio ni baya kuliko lililotangulia.

Afanye hivi. Azime redio na taa zote. Awashe plagi, asubiri taa izimike. Gari likiwa limelala nje au ni la zamani, arudishe ufunguo, kisha apashe mara ya pili. Ndipo apige stata, isizidi sekunde 10 au 15. Lisipowaka, apumzishe betri na stata kwa dakika moja nzima. Dakika moja ni ndefu ukiwa na mgonjwa ndani ya gari, lakini bila betri hamfiki popote.

TAZAMA MOSHI

Kuna jambo moja ambalo hata asiye fundi anaweza kulisaidia. Nenda nyuma ya gari stata inapopigwa. Tazama bomba la moshi.

Ukiona moshi mweupe unaonuka dizeli na kuchoma macho, maana yake dizeli inafika ndani lakini haiwaki. Joto halitoshi. Hapo plagi ndizo za kushukiwa kwanza, hasa kama mchana gari hilohilo huwaka vizuri. Usipoona moshi wowote, maana yake dizeli haifiki. Hapo hata ukinunua plagi mpya zote ni kutupa fedha. Tafuta kwenye tangi, kwenye chujio, au hewa iliyoingia katika bomba la mafuta. Na gari linalokataa asubuhi, linakataa mchana, linakataa hata likiwa la moto, huenda lina ugonjwa mwingine kabisa.

Gari likiwaka kwa kutetemeka na kugonga dakika ya kwanza, na moshi mweupe ukitoka kisha ukakoma, hiyo ni dalili kwamba plagi moja au mbili zimekufa.

KUZIPIMA

Kupima si kazi ngumu. Fundi anahitaji spana ndogo na balbu yenye nyaya mbili. Gari la volti 12 apimie kwa balbu ya volti 12. La volti 24, kwa balbu ya volti 24.

Kwanza azime ufunguo. Afungue nati ndogo juu ya plagi na kuondoa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha zote. Sasa kila plagi iko peke yake. Waya mmoja wa balbu auguse kwenye chanya ya betri, wa pili auguse kwenye kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, waya wa ndani ya plagi haujakatika. Isipowaka, plagi hiyo imekufa. Aende ya pili, mpaka amalize zote.

Zikiwa nzima zote na bado gari linasumbua, atazame kama umeme unafika. Akirudishe kile kipande mahali pake. Waya mmoja wa balbu auguse hapo, wa pili kwenye chuma cha injini, na mtu mwingine awashe ufunguo. Balbu isipowaka, ubaya uko kwenye fyuzi, waya, au ile rilei inayopeleka umeme kwenye plagi. Wako mafundi ambao wakikuta rilei mbovu huweka swichi ya kubonyeza. Njia hiyo inafanya kazi, lakini sasa hakuna kitu cha kuhesabu muda ila dereva. Akibonyeza akasahau, plagi zinaungua.

USIPULIZE PETROLI

Wapo wanaopuliza petroli, au dawa ya kopo ya kuwashia injini, katika mlango wa hewa. Usikubali lifanyike kwenye gari lenye plagi za joto. Dawa ile huwaka upesi mno. Ikikutana na plagi nyekundu, inalipuka kabla pistoni haijafika juu. Pistoni zinaweza kuvunjika, na moto unaweza kurudi usoni kwa anayepuliza. Kuwasha moto chini ya injini ni hatari vilevile, kwa sababu pale chini pana oili, na bomba la dizeli haliko mbali.

Kulisukuma gari kunaweza kusaidia kama betri imechoka na gari ni la gia za mkono. Bado hewa lazima ibanwe kwa haraka, kwa hiyo tafuteni mteremko.

Siku ya kununua plagi mpya, nenda na ya zamani mkononi. Hazifanani. Zipo za volti chache, zipo za 12, zipo za 24, na namba imeandikwa kwenye mwili wa plagi. Ya volti ndogo ikifungwa kwenye umeme mkubwa, huungua upesi. Inaweza pia kuvimba na kukatika ncha. Fundi azifungue taratibu injini ikiwa na uvuguvugu, asizilazimishe. Akimaliza, mwambie akuonyeshe za zamani zote, moja moja. Ukikuta moja haina ncha, kipande kilichokatika huenda kimo ndani ya injini, na gari hilo lisipigwe stata mpaka kitafutwe na kutolewa.